Picha ya Chance Ilitangulia Barua

Kisangani, tarehe 6 Aprili 2025

Tonton Emile,

Pokea salamu za nyumba nzima, za walio wima na za waliolala. Huku Mangobo tuko, jinsi watu wanavyokuwa. Mvua imebomoa choo cha jirani, na sasa jirani anatumia cha kwetu bila kuomba. Darasani kwangu wanafunzi wamezidi madawati, wengine wanaandikia magoti. Umeme unakuja unapotaka wenyewe: maporomoko ya Tshopo yananguruma pale pale mchana na usiku, na taa zetu hazina habari. Samaki uliotutumia kwa mkono wa Osée wa boti walifika wote. Ahsante sana.

Chance, mwanao, anakusalimu. Mwezi uliopita mifupa ilimuuma tena, akalazwa, akaongezewa damu, akarudi na maneno mengi kuliko alivyokwenda. Ametimiza miaka kumi na saba na anataka kunifundisha kupika.

Sasa neno lenyewe. Unajua ninaandika kwenye blogu, ule ukurasa wangu wa intaneti uliouita "gazeti lisiloweza kufungia samaki". Kundi letu la wanablogu wa hapa mjini, ambalo kiongozi wake ni kijana anayeitwa Franck, limeamua jambo. Tarehe 9 Agosti kila mmoja wetu ataandika mchana kutwa na usiku kucha, makala mpya kila nusu saa, bila kulala. Anayesinzia anatoka. Wasomaji, hasa ndugu zetu walio Kinshasa na Ulaya, watatoa mchango kadiri tunavyoendelea. Mchango wote utakwenda kwa chama cha wazazi wa watoto wenye SS, ugonjwa huu wa damu alio nao Chance. Tunataka friji ya kutunzia damu, friji inayotumia jua, iwekwe kwenye hospitali ndogo ya mtaa wetu. Iliyopo inategemea umeme, nawe umeme unaujua. Mwezi uliopita damu iliyowekwa kwa ajili ya Chance iliharibikia humo, tukazunguka mji mzima kutafuta nyingine huku yeye analia.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni ruhusa: nataka kuandika juu ya Chance kwa jina lake na kwa picha yake. La pili, uje. Ulimleta hapa miaka miwili iliyopita nimtunze, ukageuka na boti ile ile, na tangu siku hiyo hujamwona. Hata haulizi tena utakuja lini. Ndiyo maana nauliza mimi.

Mtoto wa kaka yako,
Micheline


Isangi, tarehe 4 Mei 2025

Mwanangu Micheline,

Barua yako ilikaa kwa Osée muda mrefu kwa sababu injini ya boti yake ilikufa, na kila mtu aliyejaribu kuifufua aliongeza ugonjwa. Ilinifikia ikinuka mafuta. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa miwani.

Huku tunamshukuru Mungu. Samaki wamekuwa wachache na wavuvi wamekuwa waongo. Bati la upande wa jikoni limetoboka, nimeweka sufuria chini yake na maisha yanaendelea. Goti langu linaniambia mvua itanyesha kabla mbingu hazijajua. Nimechoka kidogo, lakini ni uchovu wa kawaida wa mtu wa umri wangu.

Kuhusu hilo la kuandika bila kulala. Nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa muuza samaki, na maisha yangu yote nimeona watu wakilipwa ili waamke. Sijaona wanaolipwa ili wasilale, isipokuwa walinzi, na hao ndio wanaolala kuliko sisi sote. Kila nusu saa utasema nini? Hata padri hawezi. Lakini vijana mna njia zenu, na mimi siku hizi sibishani. Maneno yakikuishia, andika jinsi ya kukausha samaki kwa moshi. Nimekuandikia maelezo nyuma ya karatasi hii: kuni zipi, moto kiasi gani, na kwa nini samaki aliyeharakishwa huoza tumboni. Usinibadilishie maneno.

Picha ni ya mwenye uso. Muulize yeye.

Kuja, sidhani. Goti, kama nilivyosema. Tena tanuru ya samaki haiachwi peke yake. Nimempa Osée furushi la samaki wasio na chumvi nyingi, ni kwa ajili ya yule mgonjwa. Mwambie ale.

Tonton wako,
Emile


Kisangani, tarehe 15 Juni 2025

Tonton,

Shikamoo kutoka kwetu sote. Furushi lilifika. Wanafunzi wanamaliza mitihani, nami ninasahihisha hadi herufi zinatembea. Mama Kavugho wa duka la jumla, yule wa Butembo anayeuza sabuni na mishumaa, amefungua duka la pili na anakusalimu ingawa hajawahi kukuona. Anasema mtu anayetengeneza samaki wa namna ile lazima awe na moyo mzuri. Nililipa sabuni yangu nikaondoka.

Maandalizi yanaendelea. Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio, kuandika kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Mwanzoni nilikuwa na maneno ya kumwaga. Niliandika juu ya soko, juu ya vijana wa tolekiste wanaobeba watu kwa baiskeli, juu ya mafuta ya mawese. Kufikia alasiri nilikuwa nimeandika jinsi ya kupika pondu, majani yetu ya muhogo, na baada ya makala tatu nikaandika tena jinsi ya kupika pondu, na sikujua mpaka msomaji mmoja aliponiuliza kwa nini safari ya pili sikutia vitunguu. Franck anasema tuandae vichwa vya habari mapema, tule kidogo, tunawe uso mara kwa mara. Mama Kavugho ametuazima jenereta yake, kwa sharti kwamba sabuni yake itajwe. Nimekubali. Kwa ajili ya friji nitaimba hata wimbo wa sabuni.

Chance amekubali picha. Aliichagua mwenyewe, ile anayocheka akiwa na kitambaa chekundu kichwani. Akaniambia, "Ya Micheline, dada yangu, uandike vizuri. Andika miye niko mutu, apana maskini ya Mungu." Alikaa tena siku kadhaa kule kwa wauguzi, lakini hilo limepita. Mimi niko salama. Siku moja nilisinzia nimesimama mbele ya darasa, chaki mkononi. Watoto walinyamaza ili nisiamke, wao ambao hawajawahi kunyamaza tangu wazaliwe. Nilipoamka niliona aibu na nikataka kulia kwa wema wao.

Osée ameniambia kwamba kila baada ya wiki mbili unapanda boti mpaka Yangambi kuuza samaki. Kumbe goti lako linaujua mto mpaka nusu ya njia tu. Yangambi na hapa si mbali, Tonton. Chance ameanza kuuliza tena. 

Micheline


Kisangani, tarehe 20 Julai 2025

Tonton,

Salamu. Barua yangu ya Juni hujaijibu, lakini hii haiwezi kusubiri, kwa hiyo nisamehe kwa kukuandikia kwa haraka. Sote wazima. Narudia: sote ni wazima.

Tumefanya kosa. Ili watu wa mtaa wajue tukio letu, Franck aliagiza kitambaa kikubwa chenye picha ya Chance, jina lake na tarehe 9 Agosti. Mchapaji akatumia ile rangi yake ya zambarau yenye pindo jeupe, kwa sababu ndiyo aliyozoea, na sisi tulikuwa tumechoka kiasi kwamba tuliona kitambaa kizuri tu. Tukakitundika kwenye mlango wa avenyu. Wewe umekaa Kisangani, unajua kitambaa chenye uso wa mtu kwenye mlango wa avenyu maana yake ni msiba. Sisi tuliozaliwa humu tulisahau!

Kabla ya saa sita mchana viti vya plastiki vilikuwa vimeshashushwa mbele ya nyumba. Vijana walianza kufunga turubai. Mama Kavugho alifika amevua viatu, analia kwa sauti, "Mungu wangu, mutoto ya batu! Jana nilimuuzia chumvi!" Chance mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Mama Kavugho alikaa chini pale pale kwenye tope, na ilibidi tumpe maji.

Kitambaa tumekishusha. Lakini Franck alikuwa ameshaisambaza picha hiyo hiyo kwenye simu, na watu wakaisambaza zaidi, kila mmoja akiongeza "poleni sana". Sasa naogopa. Ikikufikia kabla ya barua hii, usiiamini. Chance yupo hapa nyuma yangu anakaanga ndizi na ananiambia nikuandikie kwamba mafuta yamepanda bei. Simu yako nimepiga, haipatikani, ni kawaida yake. Osée anasema boti inaondoka kesho asubuhi na ameapa hatasimama popote.

Micheline


Isangi, tarehe 3 Agosti 2025

Micheline,

Barua yako ya tarehe ishirini nimeipata jana, niliporudi. Osée hakusimama popote, ni kweli. Mchanga ndio uliomsimamisha, chini kidogo ya Yangambi, maji yamepungua sana mwaka huu. Nilipita karibu naye nikipanda mto, mimi kwenye pirogi, mtumbwi wa injini, na yeye amekwama, akanipungia mkono na bahasha yako ndani ya shati lake. Nilidhani ananipa pole. Nami nikampungia.

Picha ilifika kwa simu ya mfanyabiashara mmoja wa chumvi, pale bandarini, mahali ambapo mtandao unashika. Hakuniambia yeye. Alimwambia mama muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo, naye akaja kwangu akiwa amejifunga kitambaa kiunoni, nikajua kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa ninageuza samaki. Nikamaliza kuwageuza. Watu wakajaa uani. Walileta muhogo, kuku, kuni, na mikeka ya kulalia. Wengine walisema tungoje habari ya uhakika, wakajibiwa kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikapanda pirogi.

Yaliyotokea hapo kwenu uliyaona. Niliingia uani na sanda chini ya kwapa, nikamkuta anaosha sahani. Amerefuka. Hakuna aliyeniambia kwamba amerefuka hivyo. Akaniangalia, akaangalia kile nilichobeba, akasema, "Papa, umekuya kuzika nani?" Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kichwa kilikuwa cha moto kwa jua. Baada ya hapo sikumbuki vizuri.

Nasikitika kwamba sikukaa hata kula. Kulikuwa na chombo kinachoshuka siku hiyo hiyo, na tanuru nilikuwa nimeiacha.

Huku bado nina wageni. Nimewaambia hakuna aliyekufa, wakafurahi, wakacheza, lakini mila inakataa mtu arudi na kile alichokileta matangani. Muhogo upo, kuku wengine wapo. Wamekaa kikao na kuamua kwamba vitu hivi viuzwe na thamani yake iende kwa friji yenu, kwa kuwa vililetwa kwa jina la Chance. Osée ataleta. Usiwakatalie, watakasirika.

Emile


Kisangani, tarehe 5 Agosti 2025

Tonton Emile,

Wageni wako washukuru kwa niaba yetu, wana moyo kuliko ndugu wengi. Mengine ya nyumbani ni yale yale.

Nimejaribu kuandika barua hii kwa adabu na nimeshindwa. Kwa ajili ya mgonjwa hukupata boti. Kwa ajili ya maiti uliipata siku ile ile, na goti halikukuuma. Ulimkuta mtoto wako hai, ukakimbia kama mtu aliyekutana na mdai wake. Chance alikuwa ameshaweka maji ya ugali motoni. Alikaa mlangoni mpaka giza likaingia, halafu akaniambia, "Labda alikuwa anataka nikufe kweli." Nilimwambia anyamaze. Nikaepua yale maji.

Zimebaki siku chache kufika tarehe 9. Sina nguvu ya kugombana nawe na ya kukesha pia. Nimechagua kukesha.

Micheline


Isangi, tarehe 12 Agosti 2025

Mwanangu,

Nakusalimu, na sitaulizia habari za nyumba, kwa sababu sina haki ya kuulizia leo.

Kwanza nikwambie kwamba tarehe 9 tulikuwa pamoja nawe. Yule mfanyabiashara wa chumvi alikaa juu ya magunia yake bandarini na kusoma kwa sauti kila ulichoandika, na wale wageni wa matanga wote walikuwa pale. Samaki wangu uliwaandika vizuri, ingawa ulibadilisha maneno mawili. Kuna wakati yaliyosomwa yaliacha kuwa ya kwako. Mimi niliijua sauti ya mwanangu kabla hajataja jina. Nililazimika kwenda kusimama kando.

Sasa nijibu. Umeniuliza kwa miaka miwili na nimekujibu habari za goti.

Mwanangu Israël alipolazwa, nilipanda mto kwenda kumwona. Nilikaa naye usiku mmoja, nikashuka na jeneza lake. Alipolazwa mdogo wake, nilipanda tena, nikashuka tena na jeneza. Mama yao, Pélagie, alikuwa anaendelea vizuri hospitalini, daktari alikuwa amesema ataruhusiwa Jumatatu. Nikaenda Jumapili. Unajua nilichorudi nacho. Mimi ni mtu niliyesoma, nimefundisha watoto kwamba hakuna uchawi, na SS inatoka katika damu yangu na ya mama yao, daktari alinieleza kwa mchoro. Naelewa mchoro. Lakini mguu wangu, Micheline, nimeuona kwa macho yangu ukileta mauti mara tatu. Nikasema, huyu aliyebaki sitamkanyagia mlango. Nilikuwa ninafika Yangambi na kukaa pale nikiangalia upande wa juu wa mto. Samaki nilikuwa ninauza kweli, lakini huku Isangi wanunuzi wapo.

Picha ilipokuja, nikaona mguu hauna tena wa kumdhuru, ndiyo maana nikaja mbio. Nikamkuta mzima. Na mimi nilikuwa nimeshaingia! Nikasikia wale watu wakisema, kama halipo laja. Niliikimbia hiyo nusu ya pili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Na kuna jambo jingine, baya zaidi, ambalo sijamwambia hata padri. Mama muuza chikwangue aliposimama pale na kitambaa chake kiunoni, nililia ndani, ndiyo. Lakini chini ya kilio nilisikia kitu kinashuka mabegani, kama mpagazi anapotua gunia. Nilipumzika. Muda mfupi tu, wa kugeuza samaki. Tangu siku hiyo sijaweza kujitazama.

Ukitaka kunichukia, una sababu. Ila usimwambie yeye.

Emile


Kisangani, tarehe 18 Agosti 2025

Tonton yangu,

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye ndoo, nyuma ya nyumba, ili nisionekane. Pokea salamu, na safari hii ni salamu kweli.

Nikupe habari za tarehe 9. Tulianza watano, wawili walisinzia kabla hata chakula cha jioni hakijatolewa. Jenereta ya Mama Kavugho ilikohoa lakini haikuzima, na yeye mwenyewe alikaa mlangoni kama polisi, akimtazama kila aliyefumba jicho. Kutoka Ulaya walituma vidole gumba vingi na mioyo mingi, na ahadi. Friji imelipiwa, Franck anaifuatilia kwa wakala. Betri za kuhifadhi umeme wa jua bado, na chama cha wazazi kinaendelea kuchangisha. Muhogo wa Isangi ulisaidia kuliko unavyofikiri.

Mimi sikumaliza. Kabla ya mapambazuko nililala na uso juu ya mashine, nikaandika herufi moja ukurasa mzima. Kwa sheria yetu nilipaswa kutoka. Chance akanisukuma pembeni, akamwambia Franck, "Bon, sheria inasema mwenye anasinzia atoke. Ametoka. Miye naingia." Akakaa mbele ya mashine. Aliandika mpaka mwisho. Aliandika jinsi mtu anavyojisikia kufungua mlango na kuwakuta watu wanamlilia, nani alilia sana, nani alikuja kwa ajili ya chakula, na jinsi alivyojua siku ile kwamba shati lake zuri lilikuwa limeshaombwa na binamu yake. Watu walicheka na kulia, na ndipo michango ilipoanza kuingia kweli.

Sasa nikujibu lile jambo lako baya. Siku ile damu ilipoharibika kwenye friji, nilikaa kwenye ngazi ya hospitali nikisikia Chance analia ndani, na nikasema moyoni, basi, iishe. Sikujiuliza iishe nini. Halafu nikanyanyuka nikaenda kutafuta damu. Kwa hiyo sina jiwe la kukurushia, Tonton. Nimekuandikia mara nyingi kwamba niko salama. Siko salama. Nimechoka mpaka sina tena hasira. Nina miaka miwili sijalala usiku mzima bila sikio moja kuwa kwake. Nywele zinakatika. Kuna mwanaume aliyetaka kunioa, alisubiri, akaacha kusubiri, sikukuandikia.

Na kuhusu mguu wako: siku ile uliingia uani, ukamshika kichwa, na mpaka leo, karibu wiki tatu, hajalazwa hata mara moja. Sisemi kwamba ni mguu. Nasema tu kwamba uliingia.

Njoo unipokee mzigo. Mimi nitakwenda kukaa kwenye nyumba yako, nigeuze samaki, nilale. Shule inafunguliwa mwanzo wa Septemba, nitaomba kuchelewa. Sikuombi kwa ajili ya Chance. Naomba kwa ajili yangu.

Micheline


Kisangani, tarehe 31 Agosti 2025

Mwanangu Micheline,

Natumaini nyumba imekupokea, umeona mahali pa kuteka maji, na majirani wanakuacha ulale. Wakija kukusalimu mapema mno, waambie nimewakataza. Tanuru usiihangaikie sana, samaki wakiungua tutakula walioungua.

Huku mvua zimeanza kurudi. Mama Kavugho ananiita "Muzee ya samaki" na ameshanipa maagizo ya kumletea wengine. Franck alikuja kuniomba niandike kwenye blogu juu ya maisha ya ualimu. Nimemwambia nitaandika moja kwa mwezi, mchana, nikiwa nimelala vizuri. Friji imefika, imekaa hospitalini ndani ya boksi lake ikingoja betri, na wazazi wanapita kuigusa.

Safari ya kuja niliogopa njia nzima, sikufichi. Mlangoni nilisimama kidogo. Chance akaniambia, "Ingia papa, mbu banaingia," nikaingia.

Ananikaripia kwa kila kitu. Sijui kufua, sijui kununua nyanya, ninakoroma. Nimejifunza kuhesabu vidonge vyake na kumpa maji mengi hata akikataa. Juzi maumivu yalimshika mgongoni na miguuni. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto kama ulivyonionyesha. Niliutazama mlango, Micheline. Niliutazama sana. Sikutoka.

Yalipotulia asubuhi nikamwambia yote, lile la mguu, na lile la gunia. Wewe nilikukataza usimwambie, kisha nikaona kwamba nikinyamaza nitamkimbia nikiwa nimekaa hapa hapa. Nilisema nikiangalia sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa, hata miye. Kuko siku nachoka na hii mwili, nasema iishe tu. Haiko kosa yako."

Nililia, mtu mzima wa umri wangu, mbele ya mtoto wangu. Akaniacha nilie mpaka basi. Halafu akanisukuma bega.

"Lakini leo apana, papa. Leo niko na njaa."

Nikainuka, nikawasha mbabula, jiko lenu la makaa. Alikula sahani mbili za wali na maharage, akasema chumvi haitoshi, nami nilikaa karibu naye mpaka alipomaliza.

Tonton wako,
Emile